Mkanda-Mito wa Geti la Tunduma

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, niliwasikia vijana watatu wakimcheka mjukuu wangu Tamali. Wanasema msichana amesoma mpaka vitabu vimemwishia, halafu kazi aliyopata ni kusimama mpakani kufungua magunia ya watu na kutafuta wadudu.

"Dada Tamali, leo umemkamata nani? Kiwavi? Alikuwa na pasipoti?"

Wakacheka, mmoja akapaliwa na muwa aliokuwa anautafuna. Nilifurahi alivyopaliwa.

Sasa kaeni chini, nyinyi watatu na wengine wenye meno ya kucheka. Kazi hiyo niliifanya mimi kabla baba zenu hawajajua kujifuta kamasi. Ninayo madarasa mawili ya misheni; la tatu nililiacha katikati nikaolewa. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwenye daftari la Tamali. Herufi zikipinda, mnyooshe shingo.

Siku zile nchi ilikuwa ya Mwingereza. Ng'ambo ya geti ilikuwa Rodeshia ya Kaskazini, nayo ya Mwingereza huyo huyo, lakini geti lilikuwepo. Sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili. Mstari ule ulipita katikati ya mashamba yetu kama mlevi aliyekosea njia ya kwake, akamwacha kaka huku na dada kule.

Ikaja sheria. Upande wetu huu wote, hakuna kulima pamba, hata mche mmoja wa mlangoni. Wala mtu asivushe pamba yenye mbegu kutoka ng'ambo, hata ile iliyoshindiliwa ndani ya mto wa kulalia. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana ng'ambo watu walijaza mito yao pamba ya shambani na mbegu zake zote humo humo. Kila anayehama, kila anayeolewa, kila anayekwenda kumwuguza mama yake, anakuja na mto.

Askari wa geti alichana mto wa bibi harusi mbele ya wakwe. Mto alioshonewa na mama yake! Pamba ikaruka, watu wakapiga ukunga, na shangazi wa bibi harusi akatua kinu alichobeba kichwani, akabaki na mchi mkononi. Yule askari alikimbia na kofia yake ikabaki. Nilikuwa nimekaa pale kando nauza mihogo ya kuchoma, niliona kwa macho yangu. Kofia waliikalia kuku.

Siku ya pili yake bwana shamba wa getini akaja kwenye moto wangu. Jina lake Masanja, Msukuma mrefu kama nguzo, mwenye sauti ndogo ya mtu anayeumwa. Akanunua muhogo, akautafuna polepole huku ananitazama nikigombana na dereva aliyetaka kuchagua mkubwa.

"Dada," akasema, "wewe unaogopa nini?"

"Naogopa Mungu na radi."

"Na kushika mizigo ya wanawake wenzako?"

"Ya nini niogope? Wana nini nisichokuwa nacho?"

"Basi kesho saa moja uje getini."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna karatasi niliyojaza. Muhogo ndio uliokuwa barua yangu ya maombi.

Masanja alinifundisha kukanda mto. Msione ni jambo dogo. Manyoya ya kuku yakibanwa hunong'ona. Maganda ya mahindi hulia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Sufi ni laini na ina mbegu pia, lakini mbegu ya sufi ni ya mviringo, inateleza, inakukimbia chini ya kidole. Mbegu ya pamba haikimbii. Imevaa manyoya yake, imeshikwa na pamba yake, ukiibana inakaa pale pale kama choroko iliyogoma kuiva ndani ya uji. Alinifunga macho kwa leso, akaniwekea mito sita, na kila nikikosea ananikwaruza kidole kwa ncha ya penseli. Baada ya wiki mbili nilikuwa najua mto hata kabla sijaufikisha mapajani.

Ukikutwa na mbegu, tunafumua mto pale pale, pamba inakwenda kwenye shimo la moto. Mimi ndiye niliyesema tusimwache mtu na foronya tupu kama ngozi ya mbuzi. Nikaomba maganda ya mahindi kwa wanawake wa jirani, nikayachana membamba kwa kucha, nikawa naujaza mto upya na kuushona mwenyewe. Masanja hakuwa amefikiria hilo. Akili za wanaume huishia kwenye kuchoma. Baada ya hapo watu walianza kuja bila mchi. Wakanipa jina, Mkanda-Mito, na wengine wakaniita hivyo mpaka kwenye ubatizo wa watoto wangu.

Nilikosea pia, tena hadharani. Kulikuwa na mwanamke mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo, amejifunga vitenge viwili, tumbo liko mbele kama ngoma. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemkamata mwingine aliyefunga mto tumboni akajifanya mjamzito, kwa hiyo mimi nikajiona fundi.

"Mwapoleni, bamayo," nikamwamkia kwa Kibemba, vizuri kabisa. "Mimba ya miezi mingapi?"

"Minane, mukwai."

"Hebu nione hiyo minane." Nikaweka mikono miwili, nikakanda.

Mimba ikanipiga teke. Teke la kweli, hapa, kwenye kiganja. Mwanamke akanitazama, nikamtazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, wapagazi wakacheka, askari akacheka akashika geti. Mtoto yule alizaliwa mwanamume, akakua, mpaka leo akipita Tunduma huja kunisalimu. Anasema mimi ndiye mtu wa kwanza aliyegombana naye duniani.

Lakini haya yote nilikuwa nayafanya kama mtu anayechota maji bila kujua yanakwenda kupika nini. Siku moja nikamwuliza Masanja, "Kaka, pamba imemkosea nini Mwingereza?"

Akaingia ofisini, akatoka na chupa ndogo yenye spiriti. Ndani yake funza. Si mkubwa, kama kipande cha kidole changu kidogo, na mgongoni ana alama nyekundu zilizochongoka kama vichwa vya mishale.

"Huyu ndiye," akasema. "Funza mwekundu. Ng'ambo yupo. Huku bado. Hali mahindi yako, hali maharage yako, anataka pamba tu. Anatoboa kitumba, anakula ndani, anahamia kingine. Akishiba anaingia ardhini, anajijengea kinyumba cha udongo, analala miezi. Akitoka ni nondo."

"Na nondo si ataruka tu juu ya geti?"

Akachuchumaa, akachora mchangani. Huku ng'ambo, kule juu kabisa ziwa la kwao Usukuma, katikati patupu. Akaweka kokoto moja moja pale patupu.

"Haruki mbali. Anaruka kidogo, anatafuta pamba ya kutagia. Akikosa, anakufa na mayai yake. Akipata mche mmoja tu nyuma ya nyumba ya mtu, amepata jiwe la kukanyaga. Watoto wake wanaruka mpaka jiwe linalofuata." Akaanza kuokota zile kokoto, moja moja, akazitia mfukoni. "Kazi yetu mimi na wewe ni kuondoa mawe."

Kisha akasema jambo lililonikaa. "Mama yangu ana shamba la pamba kule. Kaptula yangu ya kwanza ya shule ilitoka kwenye pamba hiyo. Yeye hajui kama kuna mahali panaitwa Tunduma. Huyu mdudu akifika kwake, nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni?"

Tangu siku hiyo nilikanda mito kama naikanda kwa ajili ya mwanamke yule nisiyemjua.

Tulikwenda na vijijini. Isongole tulikwenda kwa miguu siku mbili, na bondeni kwenye joto, Galula na Mbangala, tulipanda lori la watu wa barabara mpaka njia ilipoishia. Masanja alinichukua kwa sababu mwanamume mgeni hawezi kuzunguka nyuma ya nyumba za watu. Mbangala kulikuwa na bibi mmoja mjane mwenye miche minne ya pamba kando ya jiko, ya tambi za koroboi yake. Nikaing'oa. Hakunitukana. Alisimama na koroboi mkononi akaniuliza, "Mwanangu, na kwako je? Kwako hakuna?"

"Kwangu hakuna hata jani," nikasema. Kwa sauti kubwa, Masanja akisikia.

Sasa nawaambia kilichokuwa kwangu.

Niliolewa kwenye boma la baba mkwe wangu, Tata Simwinga. Nyumba yetu, mimi na mume wangu Yakobo, ilikuwa upande huu. Ya wakwe upande ule. Katikati kihenge cha ulezi. Kwetu siku zile mkamwana hakumsogelea baba wa mumewe. Humwangalii usoni, humtaji jina, husemi naye, na ule upande wa nyuma ya nyumba yake anakokaa na kazi zake, huukanyagi. Mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia vichakani, hata kama kuna upupu. Mimi niliingia kwenye upupu mara mbili. Ndiyo heshima ilivyokuwa, na sisemi ilikuwa mbaya. Niliishi boma moja na mzee yule miaka saba bila kuijua sura yake sawasawa. Nilijua visigino vyake.

Na nilijua sauti ya kazi yake. Tata Simwinga alikuwa mfumaji, wa mwisho aliyebaki kwa upande wetu. Nguo za dukani zilipokuja, wenzake waliacha, yeye hakuacha. Nyuma ya nyumba alikuwa na mtambo wake wa miti, na kila asubuhi nilisikia ubao unavyopigwa, tap, tap, tap. Mama mkwe aliniambia mzee anafuma nguo ya kuzikiwa. Alikuwa ameapa hatalala kaburini ndani ya merikani ya dukani. "Mimi nimewavika watu wote wa hapa," alisema, "halafu nije kuvikwa na duka?"

Sasa mfumaji anafuma nini bila pamba? Nilijua. Huku kwetu baridi inaibana pamba, lakini ukuta wa nyuma ya nyumba yake unapigwa na jua la mchana kutwa. Nilijua kama mnavyojua nyinyi chungu kinaungua hata kama hamko jikoni. Lakini sikuwa nimeona. Nikajiambia, macho yangu hayajaona, na kule miguu yangu hairuhusiwi, basi kwangu hakuna. Nikaliweka jambo lile nyuma ya kihenge pamoja na mzee mwenyewe.

Kosa la pili nililifanya getini. Dada yake mzee, shangazi wa mume wangu, aliolewa ng'ambo. Akaja kumtazama kaka yake na kikapu kichwani, juu unga wa ulezi. Kila mwanamke siku ile nilimpekua. Yeye nilipiga magoti nikamwamkia, nikaangalia chini, nikasema, "Pita, mama." Ningetiaje mkono kwenye kikapu cha mtu ambaye hata jina lake nalionea haya? Masanja alikuwa ofisini anaandika. Shangazi akapita.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama mkwe akaja kwangu na ungo. Anataka nimsokotee tambi za taa, macho yake yameanza ukungu. Kwenye ungo, pamba, na vitumba viwili vitatu havijapasuka.

"Hivi navyo vimekuwaje?" akasema. "Tata wako analalamika. Mwaka huu vinatobolewa. Ile pamba nzuri aliyoletewa na dada yake ndiyo imekuja na tabia hii."

Nikashika kitumba kimoja. Kina tundu, la mviringo, safi, kama limetobolewa na msumari. Nikakipasua kwa meno.

Alikuwa ndani. Alama zake nyekundu mgongoni, zote. Akainua kichwa akanitazama kama mpangaji aliyefunguliwa mlango bila hodi.

Wajukuu, nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Mama mkwe akauliza kama nimeumwa na jino. Nikasema ndiyo.

Fikirini nilivyokuwa. Ningeweza kumtupa motoni yule funza na kunyamaza. Kazi yangu ingebaki, na mzee angemaliza nguo yake. Lakini jiwe la kukanyaga lilikuwa limewekwa, na limewekwa na mimi, ndani ya boma langu, baada ya kumng'olea mjane wa Mbangala tambi zake. Na kama ningemwambia Masanja kwanza, angekuja na vibarua na majembe, mzee avunjiwe heshima kwa mdomo wa mkamwana wake. Nguo ilikuwa bado nusu. Mzee alikuwa anakohoa. Angezikwa na nini?

Nikamweka funza kwenye kipande cha kibuyu. Nikatoka mpaka kwenye kihenge, nikasimama upande wangu, nikageuza mgongo. Ubao ulikuwa unapigwa, tap, tap. Pale palikuwa na tetea wangu, mwenye madoa, anachakura. Kwetu neno likizidi, unaweza kulipitisha kwa kitu kingine.

"We kuku," nikasema kwa sauti, "mwambie Tata kuna mkamwana wake hapa ana neno."

Ubao ukanyamaza. Kisha sauti ya mzee, nzito, nyuma ya kihenge:

"We kuku, mwambie mkamwana wangu nasikia."

"Kuku, mwambie Tata pamba yake ina mdudu mbaya, yule tunayemzuia getini. Mwambie lazima ing'olewe."

"Kuku, mwambie mkamwana wangu pamba yangu ilikuwa hapa kabla Mwingereza hajazaa hilo geti lake."

"Kuku, mwambie Tata hii si pamba ya zamani. Ni ya kikapu cha shangazi. Na aliyekipitisha kikapu ni mimi. Nilimwonea haya."

Mzee akakohoa.

"Kuku, mwulize mkamwana wangu, hiyo pamba inayolindwa ni ya nani? Ya Mzungu?"

"Mwambie kuna mwanamke Usukuma, mama yake bwana shamba. Mwanawe alisoma kwa pamba. Yeye hatujui sisi, wala hatatujua. Mwambie mdudu huyu akitoka hapa ukutani kwake, ataruka, ataruka, mpaka kwa yule mama. Na atakuwa ametoka nyumbani kwetu."

"Kuku," akasema mzee, "mwambie mkamwana wangu mimi sijaona mdudu. Nimwone."

Nikauweka ule ubale wa kibuyu chini, pembeni ya kihenge, nikausukuma kwa mguu upande wake. Na yule tetea mshenzi, mjumbe wetu, akaja mbio, akamdonoa funza, akammeza.

Nikapiga kelele, "Amemla! Tata, kuku amemla!" Nilisema naye moja kwa moja! Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kisha nikasikia kitu nilichokuwa sijakisikia miaka saba. Mzee anacheka. Anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa. "Kuku," akasema akivuta pumzi, "shahidi umemla mwenyewe, sasa nitamwuliza nani?" Nami nikacheka, nimeegemea kihenge kwa mgongo, machozi yananitoka, na sijui yalikuwa ya kicheko yote.

Alipomaliza kucheka nikasikia visigino vyake vinakwenda ukutani. Nikasikia vitumba vinapasuliwa, kimoja, kingine, kingine. Halafu nikasikia mche wa kwanza unang'oka, ile sauti ya mizizi inavyokatika. Aling'oa yote kwa mikono yake, mzee yule, hakumwita mtu. Akamtuma mama mkwe kwangu na kifurushi cha mbegu zote alizokuwa nazo.

Mchana nikaenda kwa Masanja. Nilisema yote, la kikapu, la Mbangala, la kihenge. Nilisema nimesimama wima kwa sababu nikikaa ningelia. Akasikiliza akizungusha penseli.

"Ungeficha, ningekufukuza," akasema na kile kisauti chake. "Tena ningekufukuza bila kukuaga. Lakini umesema. Kesho saa moja uwe getini. Na kuanzia kesho hakuna shangazi."

Alikuja bomani siku ile ile, peke yake, amevua viatu. Alikaa na mzee, wakanywa togwa kwanza kama watu. Kisha wao wawili na Yakobo wangu wakachimba pale ukutani mpaka magotini, wakachekecha udongo wote kwa chekeche la mchanga. Walivipata vile vinyumba vya udongo na waliolala ndani, wakavichoma pamoja na miche na kile kifurushi cha mbegu. Misimu miwili mizima Masanja alikuja kukagua ukuta ule. Hakuona tena hata mmoja. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita pale.

Shangazi alirudi baada ya mavuno. Alinikuta getini nimenyoosha mikono.

"Mimi? Unanipekua mimi, shangazi wa mumeo?"

"Wewe wa kwanza, mama."

"Nitamwambia kaka yangu!"

"Mwambie. Atakwambia umsalimie kuku."

Hakuelewa. Kikapu chake kilikuwa na samaki wakavu tu.

Lakini kule nyuma ya nyumba ubao haukupigwa tena. Asubuhi zilikuwa nzito. Mzee alikaa mbele ya nguo yake iliyofika nusu, mama mkwe aliniambia, anaipapasa tu. Nilimwambia Masanja, si kwa kuomba, nilisema tu kama mtu anavyosema habari za mgonjwa. Akazungusha penseli yake.

Akaenda likizo kwao. Aliporudi alishuka kwenye lori na gunia begani. Pamba. Nyeupe, laini kama povu, imetoka kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kule kwao, haina mbegu. Akaniwekea mezani.

"Kanda," akasema.

Nilikanda gunia lile asubuhi nzima. Watu wa geti wakanisubiri. Sikukuta kitu.

"Hii imetoka kwa mama," akasema. "Nilimweleza habari za mzee. Alisema, 'Mtu aliyeng'oa nguo yake ya kaburi kwa ajili yangu hawezi kuzikwa uchi.'"

Nilichota fungu moja, nikalipeleka Mbangala safari iliyofuata. Yule mjane nilimwambia ukweli, kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Akaipokea pamba, akanuna kidogo, kisha akanipa mayai. Gunia lililobaki lilikwenda nyuma ya kihenge, na ubao ukaanza, tap, tap, tap. Sijasikia muziki kuupita ule, hata wa kwaya yenu.

Alimaliza kabla ya mvua. Nguo ilitosha, ikabaki. Siku moja nasonga ugali, nikasikia nyuma ya kihenge: "We kuku, mwambie mkamwana wangu kuna kitu chake hapa." Nikatoka. Juu ya ungo, kipande cha nguo kimekunjwa, kinatosha mbeleko ya mtoto. Nilikuwa na mimba ya baba yake Tamali.

Nikakifungua, nikapitisha vidole kwenye pindo. Mnajua vidole havisahau. Kwenye pembe moja, ndani ya upindo, palikuwa na kitu. Hakikimbii. Kimekaa pale pale, kama choroko kwenye uji.

Nikafumua kwa jino, nikaitoa. Mbegu moja ya pamba. Nikatembea nayo mpaka kwenye moto wangu, nikaitia, ikalia pyu! Nikarudi pale kwenye kihenge, nikageuza mgongo.

"Kuku," nikasema, "mwambie Tata nimeiona, na nimeichoma."

Mzee akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Alikuwa ameibakiza makusudi kwenye zile za zamani, moja hiyo, kunipima.

"Kuku," akasema, "mwambie mkamwana wangu sasa naweza kufa. Mlango una mtu."

Mbeleko hiyo ilimbeba baba yake Tamali, ikambeba Tamali. Jumatatu atakapokwenda mpakani ataitia kwenye mkoba wake, nimempa. Na nyinyi watatu mkipita pale na magunia yenu, mfungue wenyewe kabla hajawaambia. Nimemwambia aanze na ndugu.